Msimu Mmoja wa Kugema

Siku mjomba alipokuja kunichukua nilipaswa kusema hapana, nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza kikombe chake cha chai.

Ilikuwa Kilolo, nyumbani kwetu, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kupata cheti cha wastani, cha kumtosha mtu kusoma barua na kujumlisha magunia. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa msimamizi wa ghala la nafaka Mbeya mjini. Aliegesha pikapu ya ghala uani, akaingia na viatu vyake vyenye tope mpaka kwenye mkeka, akatangaza kwamba imepatikana nafasi ya karani na inanisubiri mimi.

Baba alikuwa ametoka kwenye mianzi, kisu bado kiko mkononi. Kwetu mianzi hugemwa wakati wa mvua. Chipukizi likishapanda kiasi hukatwa kichwa, likafungiwa mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia, na maji yake matamu yanayodondoka humo ndiyo ulanzi. Mgemaji hurudi kila asubuhi na kila jioni kulichonga upya pale alipokata. Asiporudi, mdomo wa chipukizi hukauka na kufunga, na hapo hakuna cha kuomba msamaha.

"Shemeji," baba alimwambia mjomba, "niachie huyu msimu mmoja tu. Ageme na mimi mpaka mvua ziishe. Akishaweza kuamka bila kuitwa, mchukue, hata ukitaka kumpeleka Ulaya."

Mjomba akacheka mpaka chai ikamwagika. "Shemeji, mtoto amesoma! Unataka ashinde kwenye mianzi kama nyani? Kazi haisubiri mvua ziishe."

"Basi apewe mtu mwingine. Zitakuja nyingine."

"Unazileta wewe?"

Mama alifuta chai iliyomwagika. Kwetu mjomba akisema, mama amesema. Wote watatu walinigeukia. Nilijua vizuri baba anazungumzia nini, maana asubuhi ile ile alikuwa ameniita nikaitika kutoka kitandani, akaniita tena nikaitika, kisha akaenda peke yake. Nikainuka, nikachukua begi langu. Baba alirudi kwenye mianzi kabla pikapu haijaondoka.

Mjomba simlaumu. Ameshafariki, na alinipenda kwa namna aliyoijua. Na anayesoma haya akitegemea niangue kilio, atasubiri sana. Nilikuwa mvivu wa asubuhi, nikapata mtu wa kuufunika uvivu huo, nikafurahi. Ndivyo ilivyokuwa.

Pale ghalani kazi ilianza saa moja. Mimi nilifika saa mbili, mara nyingine saa tatu, nimejifunika koti kwa baridi ya Mbeya kama mgonjwa. Wapagazi walikuwa wameshashusha lori zima wamekaa juu ya magunia wakinisubiri nihesabu. Walipolalamika, mjomba aliwaambia, "Mwacheni, huyo ni mtoto wa dada yangu." Maneno hayo yalinitosha kwa miaka. Niliyavaa kama koti lile. Nilioa nikiwa ndani yake, nikapata binti nikiwa ndani yake, wala sikujua kwamba chini yake niko uchi mpaka mjomba alipostaafu.

Msimamizi mpya hakuwa mjomba wa mtu. Alinionya, akanionya tena, kisha akanipa barua. Nikapata kazi duka la vifaa vya ujenzi, nikaipoteza. Nikapata kituo cha mafuta, nikaipoteza. Kila mahali nilieleza kwamba bosi ana roho mbaya. Nilikuwa na bahati ya ajabu ya kukutana na mabosi wote wenye roho mbaya wa nyanda hizi.

Mwishowe tukahamia Igawa, pale barabara kuu inapopita na malori ya kwenda Zambia husimama. Mke wangu alifungua banda la chakula. Wali wa Mbarali, maharage, mchuzi. Alikuwa Msafwa, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Kabla ya alfajiri aliamka akawasha moto, akateka maji, akachagua mchele, na madereva waliolala barabarani walipofungua milango ya malori yao walikuta chai inachemka. Mimi nilitokea jua likiwa limeshapanda. Nilikaa kwenye benchi nikasimulia habari za dunia. Madereva waliniita Mheshimiwa. Nilidhani ni heshima.

Hivyo ndivyo tulivyozeeka. Binti aliolewa Mbeya. Kisha ikaja ile siku.

Mke wangu alishikwa na homa. Jioni alinishika mkono, mkono wake ukiwa wa moto, akasema, "Kesho niamkie wewe. Washa moto tu na uweke maharage. Nikipata nafuu nitakuja kupika mengine."

"Lala, mama. Nitaamka."

"Kweli?"

"Nimesema nitaamka."

Nilipofumbua macho jua lilikuwa dirishani na kitanda upande wake kilikuwa tupu. Nilimkuta bandani, amejifunga kanga kichwani, anatetemeka, anapuliza moto wa kuni mbichi. Malori yalikuwa yameshaondoka. Nilianza kueleza. Aliinua kiganja.

"Sikukuomba pesa hata siku moja," alisema. "Sikukuomba nguo. Nilikuomba asubuhi moja."

Alipopona alifunga virago akaenda kwa binti yetu Mbeya. Hakupiga kelele, hakuita wazee wa kutusuluhisha. Banda alimwachia jirani.

Binti alinipigia simu. "Baba, njoo na wewe huku. Kuna chumba cha nyuma. Utakula, utapumzika."

"Nimepumzika vya kutosha," nilimjibu.

"Sasa utafanya nini, baba? Kwa umri huo?"

"Nitatafuta kazi."

"Kazi gani tena, baba?" Lakini nilikuwa nimeshaamua. Sikutaka kwenda kwa mke wangu kama mzigo wa pili ndani ya nyumba ya mkwe. Nilitaka kumwendea nikiwa mtu mwenye kazi ya kudumu, anayeamka kabla ya jogoo, nimwambie turudiane. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikukimbilia kuomba kazi. Nilizijua kazi, zilinikataa zote kwa sababu ile ile. Safari hii ningejitengeneza kwanza.

Nikarudi Kilolo kwa mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki na baba mpaka mwisho na ndiye aliyerithi mianzi. Nilimkuta uani ananoa kisu.

"Kamwene," nilimsalimia.

"Kamwene, kaka. Umekuja kuzika nani?"

"Nimekuja kugema."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kugema au kunywa?"

"Kugema. Msimu mzima. Asubuhi na jioni. Usinipe kitu, nipe mianzi na pa kulala."

"Kaka, baba alikuomba hili ukiwa na magoti."

"Najua."

"Sasa unalileta ukiwa na fimbo."

"Nipe mianzi."

Akanipa kichaka kimoja mteremkoni, kisicho cha kujivunia. Habari zilifika kilabuni, pale ulanzi unapouzwa na kunywewa, kabla yangu. Siku ya kwanza nilipopeleka mbeta zangu pale, wazee niliosoma nao walinipokea kwa shangwe. "Jamani, Mheshimiwa karani ameingia kazini! Mnyalukolo mwenzetu, leo umesaini saa ngapi?" Mwingine akanisogezea kikombe. "Onja mali yako, baba. Hii kazi mshahara wake uko humu ndani." Nilikirudisha. Nilikuwa nimejiapiza kwamba msimu ule ulanzi utapita mikononi mwangu tu. Nilijijua. Mtu asiyeamka kwa chai ataamka vipi kwa mkangafu, ule ulanzi uliolala ukachacha?

Asubuhi za mwanzo zilikuwa vita. Baridi ya Kilolo wakati wa mvua huingia mpaka kwenye meno. Ukungu unakaa chini, nyasi zimelowa, njia inateleza. Sikutumia kengele ya simu. Nilitaka kuamka bila kuitwa, hata na simu. Kwa hiyo nililala mapema kama kuku, nikanywa maji mengi kabla ya kulala ili kibofu kinisaidie, na usicheke, maana mwanzoni kibofu ndicho kilichokuwa msimamizi wangu. Mwili ulinitukana. Ulinikumbusha umri wangu, magoti yangu, na kwamba hakuna anayenilipa. Niliujibu kwa sauti, gizani, nikivaa viatu: "Sema unavyotaka. Tunaenda." Mke wa mdogo wangu alinisikia akamwambia mumewe kwamba shemeji amechanganyikiwa.

Halafu nikafanya kosa la mgemaji mwenye tamaa. Mdogo wangu alichonga kipande chembamba kama ukucha, akafuta, akafunga mbeta, akaondoka. Mimi nilikata vipande vinene. Ulanzi ulitoka kwa wingi, mbeta zangu zilifurika, nikapita mbele ya mdogo wangu nimevimba kichwa. Nilikuwa na haraka ya kufidia. Nilitaka kuyakamua maisha yangu yote niliyolala yatoke katika kichaka kile ndani ya mwezi mmoja.

Mdogo wangu alikuja kuangalia, akasimama mikono kiunoni. "Kaka, unachonga au unapasua kuni?"

"Si unaona zimejaa?"

"Naona. Na naona chipukizi limebaki kimo cha goti. Utakata nini mwezi ujao, kaka, udongo?"

Alisema kweli. Kila ukichonga, chipukizi hupungua kimo. Machipukizi yake yalikuwa bado yanafika kifuani, yanadondosha kidogo kidogo kila siku. Yangu yalishuka mpaka kwenye mti mgumu, yakakauka, mvua zikiwa katikati. Nilisimama kwenye kichaka kilichokufa nikiwa na kisu kikali na sina pa kukitumia. Siku ile nilitamani sana kurudi kulala. Nilikuwa na sababu nzuri kabisa.

Badala yake kesho yake niliamka saa zile zile, nikaenda kusimama pale pale, bila kazi yoyote. Jioni nikaenda tena. Mdogo wangu aliniona akaniacha. Baada ya siku kadhaa alinijia akiwa na mbeta mpya begani.

"Unachunga vizuka?"

"Nachunga miguu yangu isisahau njia."

Akatikisa kichwa, akanipeleka bondeni karibu na kijito, kwenye kichaka kikubwa chenye mianzi minene kama paja. Nilikifahamu. Kilikuwa cha baba, kile alichokuwa anakigema asubuhi ile aliyoniita mara mbili. "Hapa ukikata nene," mdogo wangu alisema, "nakufukuza hadharani, na wazee wa kilabu nawaalika."

Nilikata nyembamba. Kitu kidogo, kila asubuhi, kila jioni, na kesho tena kitu kile kile kidogo. Nilijifunza kwamba wingi haunihusu. Kinachonihusu ni kufika. Mvua ya mawe ilinipiga nikafika. Goti lilivimba, nikakata fimbo ya pili, nikafika. Sikumbuki ni siku gani niliyoacha kupigana, ila asubuhi moja nilijikuta mteremkoni nimeshafunga viatu, kisu kiko mkononi, na sina kumbukumbu ya kubishana na mtu.

Mvua zilikuwa bado hazijaisha mdogo wangu alipoleta habari. Ipogolo, kule chini ya mji wa Iringa, kando ya barabara kuu, mwenye yadi ya mbao anatafuta mtu wa kufungua geti alfajiri ili malori yashushe mapema. "Nenda leo, kaka. Si ndicho ulichokuwa unatafuta? Kesho atapewa mwingine."

Nilimwona mke wangu mbele ya macho yangu. Kisha nikaisikia sauti ya mjomba ndani ya sauti ya mdogo wangu, kazi haisubiri mvua ziishe, na harufu ya chai iliyomwagika ikanijia puani.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Mvua hazijaisha. Apewe mwingine."

"Wewe mzee una kichaa!"

"Ninacho. Lakini nitamaliza msimu."

Alienda kusimulia kilabuni, na kilabu kizima kilinicheka. Wacheke. Hapana ile ilikuwa imechelewa karibu maisha mazima, lakini niliisema mwenyewe, nimesimama, bila kumwangalia mtu mwingine usoni.

Mvua zilipokata na mianzi kunyamaza, niliosha kisu, nikamrudishia mdogo wangu, nikapanda gari kwenda Ipogolo. Nafasi ilikuwa imejazwa na ikawa wazi tena. Mwenye yadi alikuwa mama wa makamo, Mwislamu, wa familia ya biashara ambayo babu zao walipanda huku kutoka pwani. Alinikaribisha kwenye kiti cha mbao ambacho hakijapigwa randa.

"Mzee wangu, geti? Wenzako wanalea wajukuu."

"Wajukuu wangu wanalelewa na bibi yao, na anawaweza."

"Vijana wamenichosha. Wa mwisho alikuwa anafungua jua liko utosini, malori yamepanga foleni mpaka barabarani. Wewe umefanya kazi wapi?"

"Mbeya. Nilifukuzwa kwa kuchelewa. Kisha kwingine, nikafukuzwa kwa kuchelewa."

Aliweka kalamu chini. "Na unaniambia hivyo hivyo?"

"Utauliza watu, watakuambia. Msimu huu nimegema ulanzi Kilolo."

"Astaghafirullah! Mimi natafuta mtu wa geti, wewe unaniletea habari za pombe!"

"Sikunywa, mama. Niligema. Anayegema na anayekunywa ni watu wawili, wanaamka saa tofauti."

Alicheka bila kutaka, akajifunika mdomo kwa mtandio. "Haya. Njoo kesho tujaribu. Nikimaliza swala ya alfajiri nitakukuta?"

"Utanikuta."

Alinikuta. Nilikuwa nimesimama nje ya geti gizani, wima, na lori la kwanza likiwa nyuma yangu limezima taa.

"Mzee wangu," alisema akitoa funguo kwenye mkoba, "ufunguo ninao mimi. Ulikuja kufungua kwa nini, kwa meno?"

Siku ile alinikabidhi funguo. Nilifanya kazi mpaka nikawa na uhakika kwamba si bahati, kisha nikaomba ruhusa ya siku moja, nikasafiri usiku kwenda Mbeya kwa binti yangu.

Mke wangu alikuwa ameketi barazani juani, kikombe cha chai mkononi, uso wake umejaa kidogo. Nilimwamkia kwa habari za asubuhi.

"Asubuhi?" alisema. "Mimi ndiyo nimeamka sasa hivi. Hata sijanawa."

Ilikuwa karibu saa nne. Sikuwahi kumwona amekaa saa hiyo. Nilimweleza yote: mianzi ya baba, kichaka kilichokufa, yadi, funguo. Nilizitoa funguo mfukoni nikamwonyesha kama mtoto anayeonyesha daftari. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Unaamka saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

"Nani anakuamsha?"

"Hakuna."

Alizichukua funguo zile akazipima mkononi. Nilisubiri pongezi, na zilikuja, na zilikuwa za kweli. "Hongera," alisema. Kisha akaongeza polepole, kana kwamba anajiambia mwenyewe, "Kumbe ulikuwa unaweza."

Sikuelewa mara moja.

"Miaka yote ile," alisema, "nilipokuwa nawasha moto, nilijiambia huyu hawezi, ndivyo alivyoumbwa, na mtu hagombezwi kwa alivyoumbwa. Hilo ndilo lililonifanya nikae. Sasa umezeeka, magoti yamekwisha, na unaamka saa kumi na nusu kwa ajili ya malori ya watu." Akanirudishia funguo mkononi, akanifumba vidole. "Ulikuwa unaweza."

"Turudiane. Moto nitawasha mimi."

"Sina haja ya moto tena, mzee. Huku nalala mpaka nishibe. Usinikasirikie. Sina kinyongo na wewe. Ila sirudi." Akanitazama kwa upole ambao sikuustahili. "Wahi basi. Kesho usije ukachelewa."

Nilipanda basi siku ile ile. Kesho yake nilifungua geti, na keshokutwa, na leo kabla sijaandika haya nimelifungua. Watu wa yadi wanadhani naamka mapema kwa sababu ni mzee na usingizi wa wazee ni mfupi. Usingizi wangu ni mrefu kama zamani. Naukatisha kwa mikono yangu, kila siku, na sitaacha kwa sababu tu sababu ya kwanza imekwisha.

Kusema ndiyo siku ile kulininyima msimu mmoja na baba, na msimu ule ndio uliokuwa unifundishe nilichojifunza uzeeni. Kwa kukosa hicho nilimpoteza mke wangu. Yuko hai, yuko Mbeya, analala mpaka saa nne, na harudi.